Laini Haikukatika

Mabadiliko ya ratiba yalibandikwa kwenye mlango wa studio, na mtangazaji wa zamu aliyasoma akiwa bado na mkoba begani. Vipindi vyote vya asubuhi vilikuwa vimefutwa. Kilimo, afya, malezi, barua za wasikilizaji, hata kile cha mapishi ambacho hakuna aliyewahi kukiri kwamba anakisikiliza, vyote vilipigwa mstari. Badala yake paliandikwa kwa herufi kubwa: BUNGE, MOJA KWA MOJA. Waziri alikuwa anasoma bajeti, na waziri akisoma bajeti taifa zima sharti limsikilize, lipende lisipende.

Mtu mwingine angeshukuru. Siku ya Bunge mtangazaji wa zamu hana kazi ila kukaa. Anafungua matangazo alfajiri, anasoma habari, anamkabidhi mwenzake aliyeko bungeni, kisha anabaki mbele ya maikrofoni iliyozimwa. Anabaki kwa sababu laini ya Bunge inaweza kukatika wakati wowote, na kwa redio ya taifa kunyamaza ni mwiko. Wenzake siku kama hiyo huja na vitambaa vya kufuma. Yeye aliisoma ile karatasi mara ya pili, akaishiwa nguvu.

Alikwenda kwa mkuu wa vipindi kumwomba nafasi ndogo tu, ya kutaja saa kila saa inapotimia, sentensi mbili, amrudishe waziri hewani. Mkuu wa vipindi alikuwa mtu mzima, mwenye kuchoka kabla ya siku kuanza, na alimsikiliza huku akitafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake.

"Waziri anataja mabilioni, wewe umkatize utaje saa?" Hakuwa amekasirika. "Dada, leo pumzika. Unalipwa kwa kukaa. Wengine tunaitafuta siku kama hiyo hatuipati."

Mtangazaji hakumwambia sababu. Hakuwa amemwambia mtu yeyote pale kazini, na ile haikuwa asubuhi ya kuanza.

Sababu ilikuwa nyumbani, imekaa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, imevaa sweta ya kijivu. Baba yake alikuwa dereva wa malori maisha yake yote, na sasa akili ilikuwa inamtoka kidogo kidogo. Alisahau kwamba mkewe amefariki. Alisahau kwamba lori lake liliuzwa kama chuma chakavu, akawa anainuka ghafla kwenda kulitafuta. Msaidizi wa kwanza aliacha kazi, wa pili akaacha, wa tatu aliondoka hata bila kuaga. Hapo ndipo binti alipogundua kitu ambacho hakuna daktari aliyemwambia: baba yake akiisikia sauti yake redioni, hutulia. Huitikia. Akiambiwa afanye jambo, hulifanya.

Basi alianza kuchomeka maneno. Baada ya kutaja saa aliongeza: kama hujanywa maji, kunywa sasa. Au: dawa yako iko mezani, wakati wake umefika. Au: jua limekuwa kali, huna haja ya kutoka. Mzee alikunywa, akameza, akabaki. Wasikilizaji nao wakapenda. Barua zilimiminika, watu wakisema hawajawahi kuwa na mtangazaji anayewajali hivyo. Daktari mmoja alipiga simu kushukuru kwa niaba ya wagonjwa wake. Mkuu wa vipindi alimsifu kikaoni mbele ya watu, na yeye alitazama chini kama mtu mnyenyekevu. Nchi nzima ilikuwa ikinyweshwa maji kwa ajili ya mzee mmoja, na nchi haikujua.

Kaka yake alijua. Kaka alikaa upande wa pili wa mji, alikuwa na gari na mke asiyependa wageni wa kudumu, na ushauri wake ulikuwa mmoja: amfungie mzee mlango kwa nje. Dada alimjibu kwamba baba si mbuzi. Tangu siku hiyo walizungumza kwa kuulizana hali tu.

*

Alifungua matangazo, akasoma habari. Kabla ya kukabidhi kwa mwenzake wa bungeni alijipenyeza. Alisema leo kutakuwa na mazungumzo marefu, na wewe unayesikiliza usichoke, kaa ulipo. Alitamani kuongeza neno, lakini taa nyekundu ilizimika na sauti ya Bunge ikajaa chumba. Spika alikuwa anaomba utulivu.

Upande wa pili wa kioo alikaa fundi mitambo, mtu mpole, kitambi mbele, swichi zake zimepangwa mbele yake. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mingi, na walielewana kwa ishara. Leo hapakuwa na ishara ya kupeana. Waziri alianza kwa kumshukuru Mungu, akamshukuru rais, akawashukuru wapiga kura wake, akaishukuru familia yake, na kwa jinsi alivyokwenda ilionekana atafika mpaka kwa majirani. Mtangazaji aliitazama saa ya ukutani. Saa tatu ikapita bila kutajwa. Saa nne ikapita. Alimwona baba yake akilini, ameinamia redio, anangoja sauti moja na kupewa nyingine.

Simu ya chumba cha mitambo ililia karibu na saa tano. Fundi aliisikiliza, akakigonga kioo kwa kidole, akamuunganishia mtangazaji. Aliyepiga alikuwa jirani wa nyumbani kwa mtangazaji, mshonaji, ambaye cherehani yake hukaa barazani na ambaye kwa hisani yake huchungulia dirishani kila akimaliza vazi. Alizungumza kwa pumzi fupi. Mlango uko wazi. Redio inanguruma. Kiti hakina mtu. Alikuwa amepinda mgongo juu ya sare za shule, hakumwona mzee akitoka, na ameshazunguka mpaka sokoni. Alisema samahani mara nyingi mno, mpaka mtangazaji akawa yeye ndiye anayembembeleza.

Kutoka studio wakati wa matangazo ya moja kwa moja ilikuwa sawa na kumwaga unga. Hilo hata mfagizi alilijua. Kwa hiyo alifanya yale ambayo mtu anaweza kuyafanya akiwa amekaa. Alimpigia kaka yake. Kaka alisema, "Nilikuambia," kisha akasema yuko kwenye kikao na atatoka baada ya chakula cha mchana. Alipiga kituo cha polisi. Aliyepokea alitaka kujua mzee amepotea lini, na aliposikia ni asubuhi hiyo hiyo akacheka kwa upole, akamwambia wazee hutembea, avute subira, jioni aje na picha.

Alibaki na dawati la matangazo madogo, ghorofa ya chini. Kila wiki yeye ndiye aliyesoma matangazo ya waliopotea: mtoto mwenye kaptula ya bluu, mama asiyesikia vizuri, yeyote atakayemwona atoe taarifa. Aliyasoma kwa sauti ya huzuni ya kiasi, ile waliyofundishwa. Sasa alimpigia karani wa dawati lile kwa simu ya ndani, akaeleza.

Karani alikuwa binti mchangamfu ambaye kila asubuhi humsifia nywele. Alisikitika sana. Halafu akamwambia taratibu ni zile zile, barua ya polisi, mhuri, na tangazo linasomwa jioni baada ya habari. "Ninyi wa ndani mkianza kuruka foleni, dada, watu wa nje watatuambia nini?" Akauliza yale anayopaswa kuuliza: umri, mavazi, alama yoyote mwilini. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, "Na nyumbani aliachwa na nani?"

Sauti iliyozoeleka na nchi nzima ilitoka ndogo. "Hakuwa na mtu," alisema.

"Peke yake?" karani aliuliza, na kalamu yake ikasikika ikiandika.

*

Waziri alikuwa amefika kwenye ushuru. Wabunge walikuwa wanapiga meza. Nje, mahali fulani, mzee wa sweta ya kijivu alikuwa anatafuta lori barabarani, na malori ya kweli yalikuwa mengi.

Mtangazaji alibonyeza kitufe cha kuongea na fundi. Alimuuliza kama laini iko salama.

"Nzima kabisa," fundi alijibu. "Wamebadilisha nyaya juzi."

Siku nyingine zote laini ya Bunge ilikuwa haimalizi asubuhi bila kukatika. Ilikatika kwa mvua, ilikatika kwa jua, ilikatika mara nyingine kwa kuchoka tu. Mara ngapi alikuwa amejaza pengo kwa kuomba radhi na kutaja saa na kuwaambia watu wanywe maji. Leo ilikuwa inapeleka mpaka kikohozi cha waziri. Alimtazama fundi kwenye kioo kwa muda. Fundi naye alikuwa ameshasikia mazungumzo yote ya simu, kwa maana masikio ndiyo kazi yake.

"Mimi nina watoto shuleni," fundi alisema polepole. "Siigusi hiyo swichi. Naomba usiniambie niiguse."

Hakumwambia. Kisha fundi alisimama, akavuta suruali juu, akachukua kikombe chake. Alisema anakwenda kutafuta chai, na kwamba chai ya siku hizi huchelewa. Alitoka akaacha mlango wazi, amejitia hamnazo kabisa, wala hakugeuka.

Mtangazaji alipiga moyo konde, akaingia chumba cha mitambo. Waziri alikuwa anasema, kuhusu bei ya mafuta, serikali baada ya kutafakari kwa kina imeamua. Hapo hapo mtangazaji akaishusha swichi ya Bunge, akaipandisha ya kwake, akarudi mbio kwenye kiti.

"Tunaomba radhi, wasikilizaji," alisema, kwa sauti ya kazini, na ilikuwa mara yake ya kwanza kusema uongo hewani akijua. "Laini yetu ya Bunge imekatika." Akavuta pumzi. "Baba, ni mimi. Popote ulipo, simama. Usivuke barabara. Lori liko salama, halina haraka. Ukiona kiti, kaa. Usiondoke na mtu yeyote mpaka nikuambie mimi mwenyewe. Na wewe mwenye redio, tazama karibu yako. Kama kuna mzee mrefu, sweta ya kijivu, anayeitazama redio yako kama anaijua, mpe kiti. Mpe maji. Utupigie hapa." Akataja namba ya studio, akairudia. Halafu hakujua la kuongeza, akataja saa.

Aliporudi kuipandisha swichi, waziri alikuwa ameshahamia kwenye mbolea.

*

Simu zilianza kabla fundi hajarudi na chai. Wa kwanza alikuwa na mzee wa sweta ya kijivu kituo cha mabasi, ila mzee anasema hana binti, ana wavulana watupu. Wa pili alikuwa na mzee aliyekaa mwenyewe aliposikia, akakubali maji, na sasa anauliza kama kuna chakula. Mwanamke mmoja alipiga kusema mumewe hajapotea lakini amekaa chini kwa utii na hataki kuinuka. Wengi walitaka kujua bei ya mafuta. Mtangazaji aliandika, akashukuru, akakata, akapokea.

Kisha akapiga mwanamume mwenye sauti ya kukwaruza, akajitambulisha kuwa fundi pancha wa barabara ya viwandani. "Mzee wako yupo hapa," alisema. "Alikuwa katikati ya lami, anakagua magurudumu ya lori la watu. Redio yangu ilipomwita akaja mwenyewe, akakaa juu ya tairi. Anaitikia redio. Nikamuuliza huyo ni nani, akasema ni mwanangu." Kisha akaongeza lake. "Dada, mafuta ni bei gani?"

Mtangazaji aliweka kichwa mezani, akalia bila sauti, mazoea ya studio. Mkuu wa vipindi alimkuta hivyo.

Alikuwa amekuja kwa ngazi, anahema, na simu yake ya mkononi ilikuwa inalia bila kupokelewa. Alimtazama mtangazaji, akamtazama fundi mitambo aliyekuwa ameshika vikombe viwili vya chai bila kuvinywa. Alifunga mlango.

"Wizara wanauliza," alisema. "Nimewaambia laini ilikatika. Ilikatika?"

Ilikuwa fadhila, na wote watatu waliijua kuwa ni fadhila. Neno moja tu lilitakiwa. Lakini laini ikikatika huitwa fundi, na fundi wa zamu ndiye anayeulizwa kwa nini nyaya mpya zimekatika, na alikuwa wapi zilipokatika. Fundi mitambo alikuwa anaitazama chai yake. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Haikukatika," mtangazaji alisema. "Niliikata mimi. Yeye hakuwepo."

Mkuu wa vipindi alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Ungesema imekatika," alisema. "Kwa nini hukusema imekatika, dada? Nilikuwa nimeshakusemea." Kisha akauliza kama yale maneno ya maji na dawa, siku zote zile, yalikuwa ya yule mzee. Aliposikia ndiyo, alitikisa kichwa, akaonekana mzee kuliko alivyoingia. Akamwambia wenye mamlaka watataka mtu, na mtu ameshapatikana. Akaomba kitambulisho chake cha studio. Kesho asije. Wala keshokutwa. Hewani ndiyo basi mpaka wakubwa waseme, na wakubwa hawana haraka. Alisema pia, akiwa ameshika kitasa, kwamba anafurahi mzee amepatikana.

*

Alifika kwa fundi pancha jua likiwa limeanza kulegea. Kibanda kilikuwa cha mabati, kimezungukwa na matairi, na juu ya beseni la maji ya kutafutia matundu ilining'inia redio ndogo. Kipindi cha watoto kilikuwa hewani, wanaimba kuhusu kunawa mikono. Baba yake alikaa juu ya tairi, mgongo umenyooka, kikombe cha plastiki mkononi. Sweta ilikuwa na grisi. Hakuwa na jeraha lolote. Mtangazaji alichuchumaa mbele yake, akamshika magoti.

"Baba, twende nyumbani."

Mzee alimwangalia kwa adabu. Akasema asante, lakini hawezi kuondoka. Ameambiwa asiondoke na mtu.

"Ni mimi, Baba. Ni mimi niliyekuambia."

"Aliyeniambia yuko kule," mzee alisema, akaionyesha redio kwa kidevu. "Ni binti yangu. Akisema, mimi nitatoka. Wewe usijisumbue, mama. Kaa, kuna tairi jingine."

Alimbembeleza. Alimwambia jina la marehemu mkewe, akamtajia nyumba, mtaa, lori, namba ya lori. Mzee alikubali yote kwa kichwa na hakusogea. Alikuwa dereva mwaminifu maisha yake yote, akiambiwa ngoja mzigo hungoja. Kaka alipiga simu kusema amekwama njiani, na alipoelezwa akasema wamwinue kwa nguvu wamtie kwenye gari. Fundi pancha, aliyekuwa anasikia, alitikisa kichwa. Alisema mchana walijaribu kumhamisha kivulini tu, na mzee alishikilia tairi mpaka vidole vikawa vyeupe.

Watoto walimaliza kuimba. Ikaja sauti ya mwanamke mwingine, changa na safi, ikataja saa na kuingia moja kwa moja kwenye michezo. Mzee aliinua kichwa, akasikiliza, akakishusha. Angekaa hivyo mpaka lini? Sauti aliyokuwa anaingoja ilikuwa imenyang'anywa kitambulisho mchana ule.

Fundi pancha alifuta mikono kwenye kitambaa. Alimvuta mtangazaji pembeni, akasema kama mtu anayeona haya kumfundisha mtu kazi yake. "Dada, mimi nitaizima. Wewe pita huko nyuma, useme."

Alipita. Nyuma ya kibanda palikuwa na nafasi finyu kati ya bati na ukuta, pananuka mpira uliochomwa. Alisikia redio ikizimwa. Alijikohoza pembeni, kama afanyavyo kabla ya taa nyekundu kuwaka, ingawa hapakuwa na taa.

"Hii ni redio ya taifa," alisema kupitia bati, na sauti ilitoka nzima, ile yenyewe. "Jioni njema. Baba, umengoja vizuri. Umefanya kama nilivyokuambia, na sasa unaweza kuondoka." Alijitazama alivyovaa. "Hapo atakuja mama mmoja, amevaa gauni la bluu. Usimwogope. Ni mtu mwema, na njia ya nyumbani anaijua. Mfuate."

Aliposikia mzee anaitikia, alijifuta uso kwa kiganja, akazunguka kibanda.

Baba yake alikuwa ameshasimama, anajikung'uta suruali. Alilitazama gauni lake kwa makini, kuhakikisha rangi. Akaridhika, akamrudishia fundi pancha kikombe kwa mikono miwili, akatoa mkono wake ushikwe.

Waliondoka polepole kando ya barabara, upande usio na malori. Mzee alikuwa mchangamfu sasa, maneno yanamtoka.

"Ulimsikia?" aliuliza. "Ni mwanangu yule."

"Nilimsikia."

"Na wewe huwa unamsikiliza?"

"Tangu zamani," alisema.

"Basi kesho usikose," mzee alisema, akimkaza mkono kumsisitizia. "Asubuhi, saa tatu. Kila siku huwa anakuja."

"Sitakosa," alisema mtangazaji.